Branchi ya Watu Wawili

Kiseke, Jumapili mchana

Nyangeta mwanangu,

Salamu sikuandikii. Tumesalimiana asubuhi, ukaniuliza kama nimelala vizuri nikakujibu ndiyo, na hilo nalo halikuwa kweli. Umeenda kuagana na wenzako wa kwaya. Begi lako liko karibu na mlango, limefungwa kamba juu ya zipu, na mimi nimekaa kwenye cherehani yangu hapa sebuleni. Nimesogeza pembeni gauni la mteja nipate mahali pa kuweka karatasi.

Sitakuandikia habari ya neti, ndoo wala kuchemsha maji ya kunywa. Una miaka kumi na tisa, na huko chuoni Musoma watakuwepo watu wa kukukumbusha hayo mpaka uwachoke. Nakuandikia jambo moja ambalo kwa miezi mitatu nimeshindwa kukuambia kwa mdomo. Juzi tulipokuwa tunakunja mashuka nilijaribu. Nilifungua mdomo, nikajikuta nakuuliza kama unazo soksi za kutosha.

Jambo lenyewe ni hili. Zile Jumapili ambazo mimi na Baba tulikwenda branchi hotelini tukakuacha nyumbani, nilikuambia kwamba yeye ndiye aliyetaka twende wawili tu. Hakuwahi kusema hivyo. Kila Jumapili aliniuliza kwa nini huji, na mimi nilimjibu kwamba wewe ndiye hutaki. Nilisimama katikati yenu nikampa kila mmoja uongo wake. Kesho unapanda basi ukiamini kwamba mwanaume yule alikuchoka, na yeye anabaki hapa akiamini kwamba wewe ulimchoka. Ukiondoka na uongo huo utakaa nao, na utaota mizizi. Afadhali unikasirikie mimi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Unajua ninavyompenda. Kiseke nzima inajua, maana sijui kuficha. Tuna miezi kumi ya ndoa na bado nikisikia geti linalia jioni moyo wangu unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Nina miaka arobaini na mbili, nina mvi tatu ulizozihesabu mwenyewe, na bado napaka miguu mafuta kabla hajafika. Mtu ameshinda juani akipima viwanja vya watu, lakini hawezi kurudi mikono mitupu. Leo parachichi, kesho mua. Mara moja aliniletea jiwe kutoka Ukerewe kwa sababu aliliona lina umbo la moyo. Wewe ulilitazama ukasema lina umbo la figo. Ulisema kweli, Nyangeta, ni figo kabisa. Nimeliweka kando ya kitanda hata hivyo.

Ukumbuke na nilikotoka. Baba yako mzazi alifariki hujatimiza mwaka, na kuanzia hapo nililala upande mmoja wa kitanda miaka yote hiyo, kwa mazoea tu, kama vile kuna mtu nimemwachia nafasi. Nilishajizoesha kwamba maisha ni wewe, mimi na cherehani. Halafu Anselmi akaja dukani Mabatini kupunguza suruali. Wiki iliyofuata akarudi na suruali ile ile, akasema sasa imekuwa fupi, irefushwe. Mara ya tatu fundi mwenzangu akamwambia, "Kaka, kitambaa kimekwisha. Sema tu unachotaka." Akainama akacheka, akaniangalia. Mpaka leo nikiikumbuka ile sura nashona mstari unakwenda upande.

Basi mtu wa namna hiyo, ungedhani angenitosha. Na mtoto wa namna yako, ungedhani angenitosha. Nilikuwa na vyote viwili ndani ya nyumba moja na ndipo nilipoanza kuumwa wivu.

Ulianzia jikoni. Kwetu Majita mwanaume akiingia jikoni ujue anatafuta moto wa sigara. Huyu wa Kagera, Jumapili tukitoka misa ya kwanza, anavaa aproni niliyomshonea, anakunja mikono ya shati na kupika katogo: ndizi na utumbo kwenye sufuria moja, na pilipili mbuzi nzima juu, haijapasuliwa. Akakufundisha kupaka viganja mafuta ili utomvu usishike. Akakufundisha kupitisha kisu chini ya ganda bila kung'oa nyama ya ndizi. Wiki tatu tu ukawa unamenya kama uliyezaliwa Muleba. Mimi nami nilitaka kujifunza, unakumbuka? Ndizi zangu zilitoka zimechongoka kama penseli. Ukasema, "Baba mwenye nyumba, mtoe huyu fundi jikoni, anatumalizia ndizi." Mlicheka mpaka mkashikilia meza. Na mimi nilicheka, kisha nikatoka nje nikaanua nguo zilizokuwa bado hazijakauka.

Siku zile ulikuwa unamwita Baba mwenye nyumba kwa utani. Kisha Jumapili moja utani ukaanguka wenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni, nikakusikia umeonja mchuzi ukasema, "Baba, chumvi imetosha?" Alisimama na mwiko mkononi. Alikujibu uongeze kidogo, lakini sauti ilikuwa imebadilika. Baadaye alikuja chumbani kuniambia, macho yamelowa, akasema hajawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. Nikamwambia Mungu ni mwema. Ndani yangu kulikuwa na kitu kingine kabisa. Nilikuwa mama yako na nilikuwa baba yako. Nilikwenda vikao vya shule kwa majina yote mawili. Neno nililolibeba peke yangu miaka kumi na minane ulimpa mtu kwa sababu ya chumvi.

Naandika hivi kama ilivyokuwa moyoni, nikiona aibu.

Na kulikuwa na upande wa pili. Siku moja tunaosha vyombo ukaniambia, "Mama, kumbe Baba anaogopa ziwa." Ukanieleza kwamba alipokuwa mdogo mtumbwi wa mjomba wake ulipinduka, na mpaka leo akipanda kivuko cha kwenda Ukerewe anakaa ndani karibu na maboya akijifanya anasoma ramani. Nilikuwa simjui mtu huyo. Nilimjua wa jiwe na parachichi. Mwenye kuogopa ziwa alikuwa wako, mlimpata kati ya ganda moja la ndizi na jingine. Sikujua tena ninamwonea wivu nani. Nilimwonea yeye kwa ajili yako, na wewe nikakuonea kwa ajili yake.

Hata jina nililionea wivu. Miaka yote nilipenda kuitwa Mama Nyangeta, ndiyo heshima yangu mtaani. Ghafla nikaanza kusikia kwamba mume wangu kila akiniita anakutaja wewe. Nikataka kuwa Ester.

Ndipo alipokuja dukani yule mteja wangu wa magauni ya harusi, akaniuliza mume wangu hunipeleka wapi Jumapili. Nikasema nyumbani. Akanionea huruma. Akatoa simu akanionyesha picha: meza yenye kitambaa cheupe, glasi ya juisi iliyochomekwa chungwa, nyuma yake ziwa na yale mawe yaliyobebana. Akasema hiyo ndiyo branchi, chai ya asubuhi na chakula cha mchana kwa pamoja, kuanzia saa nne mpaka saa nane, na wapendanao wote wa mjini wako huko. Wapendanao. Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyebeba yai.

Mlikuwepo wote wawili nilipolitoa mezani, na ulimi wangu wa Kijita ukanisaliti. Nikamwambia Jumapili anipeleke blanchi.

"Benki Jumapili imefungwa," akasema.

"Siyo benki. Blanchi ya kula."

"Siku hizi wanakula kwenye matawi ya benki?"

Ukadondosha kijiko. Akauliza tena kama aje na kitambulisho, ukamwambia aje na kadi pia maana pengine juisi inatoka kwenye mashine. Mlikuwa mnachezeana tu, najua, na utani wenyewe ulikuwa mzuri, lakini nilikaa pale nikiona vichwa viwili vimeinama upande mmoja. Halafu akajifuta macho akasema, "Haya, Mama Nyangeta. Jumapili tutaenda."

Tutaenda. Kiswahili chetu hakina "tu" ya watu wawili na "tu" ya watu watatu. Yeye aliitamka akiwa na watatu kichwani. Wewe uliisikia ya watatu, maana Jumamosi jioni nilikukuta unapiga pasi gauni la njano, lile nililokushonea kwa mahafali ya kidato cha sita. Mimi peke yangu ndiye niliyeona kwamba neno lile lina mlango wa nyuma, nikapitia humo.

Nilifunga mlango wa chumba chako. Nikakuambia kwa sauti ya mama anayemhurumia mwanawe kwamba lile "tutaenda" la Baba lilikuwa la watu wawili, kwamba ndoa bado mbichi, kwamba wanaume ndivyo walivyo. Nikakuambia usimwulize, ataona aibu. Ulichomoa pasi. Ukasema, "Sawa Mama, sikuelewa." Ukalitundika gauni likiwa limenyooshwa upande mmoja.

Ungegomba ningepona. Ulisema hukuelewa, wakati ulielewa vizuri kuliko sisi sote.

Asubuhi nikamwambia yeye kwamba umesema mambo ya wazee huyataki, na asikuulize maana utaona aibu. Ona nilivyozifunga pande zote mbili kwa kufuli moja.

Sasa nikusimulie hiyo branchi yenyewe, kwa sababu hujawahi kuambiwa ukweli wake. Picha uliziona. Kwenye picha nimevaa kitenge cha bluu na ninacheka. Jina la hoteli silitaji, ipo kando ya ziwa. Tulifika saa nne na robo tukaambiwa meza za upande wa maji zimeshawekwa oda, tukakaa karibu na mlango wa jikoni, kila mhudumu anayepita ananigonga bega. Mayai yalikuwa yamevurugwa tangu alfajiri, yamekauka kama sifongo. Maharage matamu, Nyangeta. Matamu ya sukari. Chapati zilikatwa pembetatu ndogo ili mtu aone haya kuchukua moja nzima. Kulikuwa na foleni ya kukaangiwa yai mbele yako, na kijana mwenye kofia ndefu anakuuliza unataka na kitunguu au bila kitunguu kwa heshima kama anakufungisha ndoa. Ziwa lote liko pale chini, unasikia maji yanapiga mawe, na samaki ni vipande vyembamba vilivyoviringishwa unga, vinanuka mafuta ya jana. Nikafikiria babu yako angeona samaki yule angemwombea.

Baba aliomba kahawa. Wakamletea maji ya moto na pakiti ya unga wa kahawa. Mtoto wa mkulima wa kahawa aliitazama ile pakiti muda mrefu, kisha akairudisha sahanini taratibu kama mtu aliyeokota kitambulisho cha marehemu. Alinywa maji ya moto.

Juu ya yote wakaja wale wadudu wadogo wa ziwani, wingu zima, wakaingia kwenye juisi na kwenye nywele zangu nilizosuka kwa ajili ya siku hiyo. Watu wakafunika sahani kwa mikono. Mpendwa wangu akavua koti akanifunika kichwa, na chini ya koti lile, kwa dakika kama kumi, nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Mwanza. Sitakudanganya kwamba kila kitu kilikuwa kibaya. Dakika kumi zile ninazo.

Nikamwomba aniite Ester. Akajaribu. Alisema "Ester" kama mwalimu anayeita mahudhurio, nusura niitikie nipo. Baada ya muda kidogo akasema, "Mama Nyangeta, mbona huli?" Halafu akaangalia mandazi madogo ya pale kwenye sinia, akasema Nyangeta angeyacheka haya, ni kama vifungo vya koti. Akafunga mawili kwenye tishu akanipa niweke mkobani nikuletee. Tukatoka. Yeye akaenda kuchukua gari, mimi nikabaki kwenye maegesho, na pale kulikuwa na korongo wawili wakubwa, wale wenye vipara wanaokula takataka. Nikafungua mkoba nikawatupia. Waliyameza bila kutafuna. Uliponiuliza nyumbani tumekuletea nini, nilisema wanakataza kutoa chakula nje.

Na tulipofika, saa tisa, tumbo linaunguruma, tulikuta umepika katogo peke yako, umeiweka kwenye hotipoti, umeacha na sahani mbili zimefunikwa, wewe umeshajifungia chumbani na vitabu. Baba alikula sahani mbili amesimama. Akasema, "Hii ndiyo branchi." Mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi nilisikia jina lako tu ndani ya sentensi ile, ingawa hakulitaja. Nikasema Jumapili ijayo tunarudi.

Tulirudi mara tatu. Kila mara maharage matamu, kila mara meza ya karibu na mlango, kila mara mandazi kwenye tishu na wale korongo wakawa wananifahamu. Mara ya pili hukuwasha pasi kabisa. Mara ya tatu uliaga kabla yetu, ukasema una mazoezi ya kwaya. Na mara ya nne, asubuhi, ulimpita ukumbini ukamwambia, "Shikamoo, Mzee."

Mzee. Alijibu marahaba, akabaki amesimama pale pale na kiatu kimoja mkononi.

Baada ya hapo katogo ilikoma. Alisema ndizi zimepanda bei. Wewe ukasema umechoka na utumbo. Kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake nafasi ambayo mwenzake hakuiomba, na mimi nilikuwa nimepata nilichokitaka: mume wangu peke yangu Jumapili nzima, ameketi kwenye kochi, ananyamaza.

Kisha majibu ya vyuo yakatoka. Ulikuwa na nafasi hapa hapa Mwanza, ungekuwa unakwenda na kurudi. Ukachagua Musoma. Ulisema unataka kujifunza kujitegemea, nikakusifu mbele za watu. Jioni ile Baba aliniuliza, "Mama Nyangeta, nimemkosea nini mtoto?" Nilikuwa nimempa mgongo, naosha sufuria. Nikamwambia vijana ndivyo walivyo. Nikaendelea kuisugua sufuria ambayo ilishatakata.

Nyangeta, hii haikuwa mara yangu ya kwanza, na hilo ndilo linalonitisha. Hujui kwa nini uliondoka kwa Bibi yako Majita, uliambiwa ulikuja mjini kuanza chekechea. Nilikuacha kwake ukiwa na miaka miwili nikaja kujifunza ushonaji. Nilipokuja kukuona umefikisha minne, ulitoka mbio na dagaa mkononi ukampita mama yako mzazi ukaenda kujificha kwenye sketi ya Bibi. Ukamwita Mama. Ukamwuliza, "Mama, huyu ni nani?" Bibi akacheka kwa aibu, akasema, "Ni Ester." Nilikuchukua siku ile ile. Hata nguo zilikuwa hazijakauka, nilizibeba mbichi. Bibi alitusindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba kikombe chako, alisahau kunipa, na gari likaondoka ameshika kikombe. Nilijiambia ninachukua kilicho changu. Aliishi miaka sita tu baada ya hapo na kila nilipokwenda nilikupeleka kwa siku mbili tu, nikikaa karibu nisikie unamwitaje.

Sikuwahi kumwomba msamaha. Nilidhani kuna muda, kisha nikapigiwa simu.

Kwa hiyo leo asubuhi, ulipobaki kanisani kwa kwaya, nilimwambia Baba yote. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya nyuma. Nilianza na korongo, sijui kwa nini, pengine kwa sababu ndiyo aibu ndogo kuliko zote. Nikamalizia na gauni la njano.

"Mimi nilidhani amechoka utumbo," akasema. "Nilikuwa natafuta jinsi ya kupika na maharage."

Nikalia. Hakunibembeleza mara hii, na haki yake. Alisema maneno machache, nami nakuandikia jinsi alivyoyasema: "Sitamwambia mimi. Nikimwambia mimi itakuwa nimekushtaki kwa mwanao. Uongo ulitoka mdomoni mwako, utoke huko huko." Akachukua jembe akaenda kwenye migomba yake, ile inayohangaika kwenye mawe nyuma ya nyumba. Yuko huko mpaka sasa. Nasikia jembe lake linagonga jiwe.

Usidhani nimepona. Hata alipokuwa anaumia, kuna sehemu yangu iliyopima: angeumia hivi kama ningeondoka mimi? Ndivyo nilivyo. Pale kwenye branchi nilikuwa nawatazama watu kwenye foleni ya chakula. Wanajaza sahani mpaka soseji zinaanguka, kwa hofu kwamba wakirudi watakuta masinia matupu. Wakifika mezani kimepoa, na nusu wanaiacha. Na masinia, Nyangeta, yalikuwa yanajazwa kila wakati, nilikaa karibu na mlango wa jikoni nikiona kwa macho yangu. Mimi ndiye mtu wa sahani ile. Kila anayenipenda nimemjaza sahanini nikamkumbatia na viwiko viwili, na hakuna aliyekuwa ananinyang'anya.

Siku moja na wewe utampenda mtu, na utapenda wengine watakaompenda. Wivu utakuja, ni damu ya mama yako. Ukija, usiutafutie sababu nzuri kama nilivyoutafutia mimi. Mimi niliuita ndoa mbichi, nikauita haki ya mzazi. Uite wivu, kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya mtu unayemwonea. Ningekuambia siku ile ya chumvi, "Mwanangu, nimeona wivu," najua ungefanya nini. Ungecheka, ungenipa kisu na ndizi.

Na wakikuita branchi, kama utakuwa na hamu, nenda. Kunywa chai kwanza. Keti ambapo wadudu hawafiki. Lakini hayo utayaona mwenyewe.

Barua hii nilitaka kuichomeka kwenye begi uisome ukiwa Musoma, ambapo siwezi kuona uso wako. Nimeikataza nafsi yangu. Ukirudi jioni nitakupa mkononi, utaisoma, na ukitaka kunigombeza chumba changu hakifungwi. Ukitaka kunyamaza pia nitaelewa. Sikuombi usiende. Musoma ni chuo kizuri na nafasi umeipata kwa kichwa chako. Ninachoomba ni kwamba uende kwa sababu unapenda kwenda, na ukirudi likizo usirudi kama mgeni wa mtu aliyekuchoka, maana mtu huyo hajawahi kuwepo.

Basi linaondoka Buzuruga saa kumi na mbili asubuhi. Tulipanga tukusindikize wote. Nimembadilishia Baba mpango, na hili amelikubali bila kuinua kichwa, lakini amelikubali haraka. Atakupeleka yeye peke yake. Mimi nitaishia getini, nitakukumbatia hapo, na kisha nitarudi ndani. Mtakuwa na njia nzima ya kusema mnayotaka kusema, au kutosema kitu.

Nitaona wivu, mwanangu. Nitaona wivu kuanzia taa za gari zikipinda kona mpaka atakaporudi. Nitashona na kufumua. Lakini akirudi sitamwuliza ulimwita nani, wala kama ulilia, wala mlizungumza nini. Nitamwuliza kitu kimoja tu, kama ulipata kiti cha dirishani.

Anayekupenda hata pale alipokukosea,
Mama yako, Ester